Nilivyokaa darasani kwa mkunga wa Kigogo kabla mke wangu hajajifungua

Wakuu wa baraza hili, salaam kwenu nyote, mlioko pwani na mlioko bara.

Ninachosimulia kimenipata mimi mwenyewe, hapa hapa Dodoma, na walioshuhudia wapo hai. Atakayebisha apande treni aje, nitamtembeza kwa mmoja mmoja mpaka achoke.

Gazeti lililopita mdau mmoja wa Bagamoyo aliuliza: mke akikaribia kujifungua, mume ana kazi gani?

Majibu yenu nimeyasoma yote. Mmoja kasema kazi ya mume ni kukaa mbali. Mwingine kasema ni kununua kanga. Wa tatu, samahani mkuu, kasema ni kutafuta mke mwingine asipoteze muda. Nimecheka sana, lakini nikaona nikinyamaza nitakuwa mchoyo.

Kwa sababu mimi kazi hiyo niliisomea.

Ndiyo. Nilikaa chini, nikafundishwa, nikaulizwa maswali, nikakosea, nikarudia. Mwanamume mzima na ndevu zangu.

Kwa wasionijua: mimi ni Mrangi wa Kondoa. Nilishuka Dodoma wakati Mdachi anatandika reli, stesheni haijapata hata paa. Kambi yetu ya vibarua ilikuwa upande wa Kizota, vibanda vya nyasi, vumbi mpaka kwenye ugali.

Kazi yangu ilikuwa kuimba.

Msicheke. Chuma kimoja cha reli kinabebwa na kundi zima la watu. Wasipoinua pamoja, mmoja anavunjika mgongo. Wasipotua pamoja, mwingine anaacha vidole vyake chini. Kwa hiyo lazima awepo mtu mmoja asiyebeba kitu, yeye anaita na wenzake wanaitikia. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Rafiki yangu Masanja, Mnyamwezi, ambaye pia ni mtani wangu, alikuwa akiwaambia watu kwamba Mdachi ananilisha bure kwa kupiga kelele. Mwacheni aseme. Muda wote niliokuwa naimba mimi, hakuna aliyepoteza kidole. Nalisema hilo bila aibu.

Wimbo wenyewe ulikuwa hivi. Mimi naita "Chuma hicho!" wao "Kina nini?" Mimi "Kizito!" wao "Kama sisi!" Halafu naita "Inua!" wanapaa nacho. Halafu inakuja sehemu ambayo wengi wanaidharau. Naita "Tua!" wao "Taratibu!" Naita "Pumua!" nao wanatoa pumzi yote, haaa, wanasimama mpaka nione mabega yao yameshuka.

Mwimbishaji mbaya anajua kuinua tu. Huyo ndiye anayeumiza watu.

Sasa tuje nyumbani.

Mke wangu anaitwa Zaituni, Mrangi mwenzangu. Ni mwanamke ambaye mkono wake haukai. Ukimwambia pumzika anakuuliza umemwona lini akichoka. Akishika mchi, jirani wanajua Zaituni anatwanga, na hawatalala mchana huo.

Mimba yake ya kwanza alijifungulia Kondoa kwa mama yake, kama desturi ilivyo. Mama yupo, shangazi wapo, mama wadogo wapo. Uchungu ulipoanza tu, wote kwa pamoja wakaanza: sukuma! sukuma mwanangu! sukuma!

Na yeye, mnavyomjua sasa, akasukuma. Alisukuma kutwa nzima wakati njia bado haijawa tayari. Ulipofika wakati wenyewe, hakuwa na nguvu hata ya kuinua shingo.

Mtoto tulimzika. Mama yake tulimpata kwa kudra za Mwenyezi Mungu, na alikaa kitandani mpaka mvua zikaisha.

Alipopata mimba ya pili tulikuwa huku Dodoma. Hatukufurahi, wakuu. Naandika ilivyokuwa. Tulikaa siku ile kama watu waliopewa habari ya msiba. Kila mmoja alijua mwenzake anawaza nini: safari hii anaweza kuondoka na yeye.

Na Kondoa ni mbali, na msimamizi wa reli hatoi ruhusa, na Zaituni mwenyewe alisema harudi kule ng'o.

Basi siku moja alikwenda kuteka maji kwenye korongo, upande wa Makole. Huku kwetu kiangazi maji hayaonekani, unachimba mchangani mpaka yachuruzike. Akamkuta bibi mmoja wa Kigogo amekaa kando ya kisima chake, amekifunika na miiba ng'ombe wasiingie. Bibi akamwangalia tumbo. Akamwangalia uso. Akauliza, "Mumeo yuko wapi?"

"Yuko relini, Bibi."

"Mlete. Mimi simzalishi mwanamke ambaye mume wake simjui."

Hivyo ndivyo tulivyompata Bibi Chidawali, mkunga wa Makole. Siku za ujana wake alizalisha Wagogo wenzake tu. Reli ilipokuja ikaleta wanawake wa kila kabila, wajawazito, hawana mama wala shangazi karibu. Akaona watakufa ovyo. Akatangaza kwamba kila Jumapili, vibarua wanapopumzika, wajawazito waje kwake, na kila mmoja aje na mumewe.

Mwanamke aliyekuja peke yake alirudishwa. Niliona kwa macho yangu. Alimwambia mmoja, "Rudi ukamchukue. Mimba hiyo hukuipata peke yako."

Jumapili ya kwanza nilikwenda kwa shingo upande. Masanja naye alikuwa amebanwa na mkewe, akatokea upande wa Chang'ombe amevaa kanzu safi kama anakwenda kuposa. Tukakutana njiani, kila mmoja akajifanya anapita tu.

"Unakwenda wapi, Mrangi?"

"Natembea. Na wewe?"

"Natembea vilevile."

Tukatembea mpaka mlangoni kwa Bibi Chidawali.

Nyumba yake ilikuwa tembe kubwa la Kigogo, paa bapa la udongo, vyumba vimezunguka ua na zizi la ng'ombe katikati. Wanawake waliingia ndani ya ua. Sisi wanaume tulikalishwa nje, kwenye kivuli cha ukuta.

"Shikamoo, Bibi," tukasema wote.

"Marahaba. Nani kati yenu anajua kupika uji wa uwele?"

Tukaangaliana.

"Basi tuanzie hapo."

Wakuu, yule bibi hakuwa na mchezo. Alitupikisha uji mmoja mmoja. Wa Masanja ulikuwa na mabonge, akalishwa yeye mwenyewe wote mpaka chini ya chungu. Tulijifunza kuchimba maji mchangani na kufunika kisima. Alisema siku ya uzazi mwanamke wa reli anaachwa bila maji kwa sababu aliyezoea kuteka ni yeye, na yeye ndiye yuko chini. Mlikuwa mmewahi kuliwaza hilo? Mimi sikuwahi.

Halafu kulikuwa na miiko. Miwili ilituhusu sisi.

Wa kwanza: uchungu ukianza, mume afungue kila fundo lililopo nyumbani. Kamba, mzigo, mfuko, kila kitu, ili na mwili wa mama ufunguke.

Wa pili: baba akae mbali na ukuta, na sauti yake isisikike nyumbani pale mpaka mtoto alie. Wao wanasema mtoto akisikia sauti ya baba kabla ya wakati anashtuka, anarudi nyuma.

Hapo watu wote waligeuka wakaniangalia. Masanja akasema, "Bibi, huyu basi mpelekeni Mpwapwa. Akikohoa Kizota, Makole wanaamka."

Bibi Chidawali alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanigeukia akasema, "Wewe ukifika siku hiyo, utauma kitambaa." Nikasema sawa Bibi.

Mimi ni Mwislamu na miiko ya Kigogo si yangu. Lakini nyumba ni ya mtu, kazi ni ya mtu, na mke ni wangu. Nilikubali yote.

Upande wa wanawake somo kubwa lilikuwa kinu.

Wanawake wawili walisimama kwenye kinu kimoja, kila mmoja na mchi wake, na wimbo wa Kigogo. Bibi alikuwa akiwafundisha kwamba uchungu unakuja na kuondoka kama michi ile. Ukija, fanya kazi yako. Ukiondoka, acha mchi usimame, lainisha mabega, pumzika kabisa. Na usisukume mpaka yeye mkunga aseme.

Zaituni hakuweza.

Si kwamba hakusikia. Alisikia vizuri sana. Ila ikifika sehemu ya kupumzika, mchi wake unashuka tena. Pu! Mwenzake amesimama, yeye pu! Bibi anapiga makofi, "Acha!" Anaacha mara moja, mara ya pili pu!

"Mwanangu," Bibi akamwambia siku moja, "nani anakukimbiza?"

Zaituni akajibu, "Nikisimama nakumbuka, Bibi."

Nilikuwa upande wa pili wa ukuta na uji wangu mkononi. Nililisikia jibu hilo, na uji ukanishinda.

Tulihudhuria Jumapili zote. Kupika nilijua, maji nilijua, miiko nilijua. Bibi alinisifu mbele ya wenzangu, akasema Mrangi huyu angekuwa mwanamke angekuwa mkunga. Lakini Zaituni na kinu hawakupatana mpaka mwisho. Jumapili ya mwisho kabisa Bibi aliniita pembeni. Alisema, "Wewe umeiva. Mkeo bado. Akifanya kama alivyofanya kwao, sitaweza kumshika." Hakuzunguka.

Uchungu ulianza alfajiri, siku ya kazi.

Nilimsindikiza Zaituni mpaka kwa Bibi, kwa sababu alikuwa hazalishi mtu kwenye vibanda vyetu vya nyasi. Kisha nikakimbia relini kumwambia msimamizi. Msimamizi wetu alikuwa mzungu mmoja mwembamba, mtu wa kununa tangu asubuhi. Nikamwambia mke wangu anajifungua. Akasema kwani ni wewe unayejifungua? Nikamwambia naomba siku moja. Akasema ukiondoka ni hamsa ishirini.

Kwa msiowahi kufanya kazi kwa Mdachi: viboko ishirini na tano, mbele za watu.

Niliondoka. Nyuma yangu nikasikia Masanja anapaza sauti, "Chuma hicho!" na sauti yake, wakuu, ni kama mlango uliokosa mafuta. Lakini alinishika mkono siku ile na sijasahau.

Nilifika kwa Bibi nikaanza kazi niliyosomea. Maji, mitungi mitatu. Kuni. Uji, hauna bonge hata moja. Kisha nikaanza mafundo.

Nilifungua mizigo. Nikafungua mifuko ya mbegu. Nikafungua kamba za vitanda, kamba za vibuyu, nikafungua mpaka kamba ya suruali yangu nikawa naishika kwa mkono. Halafu nikaona ndama wamefungwa kwenye zizi. Nikajiambia fundo ni fundo. Nikawafungua wote.

Ndama wakakimbilia mama zao wakanyonya maziwa ya nyumba nzima.

Mtoto wa kiume wa Bibi, jitu zima la miraba minne, alitoka akaona, akashika kichwa. "Mrangi! Mafundo ya ndani! Ya ndani!" Nikamjibu kwa mikono tu, maana nimekatazwa kusema. Naye akawa ananijibu kwa mikono. Watu wawili wazima tunapungiana mikono katikati ya ng'ombe.

Nacheka sasa. Wakati ule sikuwa nacheka.

Jua lilipanda. Nilikaa mbali na ukuta kama nilivyoagizwa, kitambaa mdomoni. Ndani nilikuwa nasikia wanawake wakiimba wimbo wa kinu, na Bibi akisema, "Bado, mwanangu. Bado. Acha." Na kila baada ya "acha" nilimsikia Zaituni anagugumia, anasukuma.

Alikuwa anatwanga kwenye mapumziko.

Jua likawa utosini. Wimbo wa kinu ukaendelea. Sauti ya Zaituni ikaanza kupungua. Mimi sauti ndiyo kazi yangu, najua sauti ya mtu anayekaribia kuangusha chuma. Ilikuwa ndiyo hiyo. Niliuma kitambaa mpaka nikasikia ladha ya damu.

Kisha nikamsikia anasema, kwa Kiswahili, polepole lakini wazi kabisa:

"Mwiteni aniimbie wa reli."

Wanawake wakaacha kuimba. Mmoja akasema kitu kwa Kigogo, kwa ukali. Bibi akamjibu. Wakabishana. Mimi sikuelewa neno lakini nilielewa jambo.

Kumbukeni, kila mchana Zaituni alikuwa akiniletea chakula kule relini. Alikuwa anakaa kando ya tuta akinisubiri nimalize. Wimbo ule alikuwa ameusikia mara ngapi, Mungu ndiye ajuaye. Kinu cha Kigogo alijifunza Jumapili chache. Wimbo wa reli ulikuwa umeshamwingia bila kufundishwa.

Bibi Chidawali alitoka. Jasho linamtoka, kanga imelowa. Akasimama mbele yangu.

"Toa kitambaa."

Nikatoa. "Bibi, na mwiko?"

"Mwiko niliachiwa na mama yangu. Akiniuliza, nitamjibu mimi. Njoo ukutani."

Nikasimama kwenye ukuta wa kile chumba, kipaji cha uso kwenye udongo. Kulikuwa na kitundu kidogo cha moshi. Nikaita:

"Chuma hicho!"

Kisha sauti yake, imepasuka: "Kina nini?"

"Kizito!"

"Kama sisi!" Na safari hii hakuwa peke yake. Wale wanawake wa Kigogo, ambao hawajawahi kugusa chuma cha reli, waliitikia naye.

Nikaita "Inua!" nikaenda mbio kama nilivyozoea msimamizi akiwa nyuma yangu. Ukuta ukagongwa na mchi kwa ndani, pu! Udongo ukaniangukia machoni.

"We Mrangi! Hapa si kwa Mdachi! Ngoja nigonge ndipo uinue!" Bibi akafoka.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kule relini mimi ndiye niliyekuwa naamua chuma kipae lini. Pale chuma chenyewe ndicho kilichokuwa kinaamua, na mimi kazi yangu ni kukifuata.

Basi tukaenda hivyo. Uchungu ukija, Bibi anagonga ukuta, mimi naita. Ukipungua, anagonga mara mbili, na mimi naita kile ninachokijua kuliko watu wote wa reli hii kutoka Dar es Salaam mpaka Tabora.

"Tua!"

"Taratibu!"

"Pumua!"

Haaa. Nikamsikia Zaituni anapumua. Nikasubiri mabega yake yashuke. Siyaoni, lakini nilisubiri kama nayaona. Akitaka kugugumia tu, naita tena "Tua!" naye anatua. Mwanamke ambaye sijawahi kumwambia pumzika akanisikia, alipumzika.

Bibi hakumruhusu kusukuma kwa muda mrefu. Kazi yangu ikawa kumtuliza tu. Nikaongeza maneno yangu mle. Nikaimba kwamba ndama wamemaliza maziwa. Nikaimba kwamba suruali yangu naishika kwa mkono. Nikasikia ndani wanawake wanaangua kicheko, na katikati ya kicheko hicho, chake.

Nililia, wakuu. Naimba na machozi yanatiririka kwenye ule ukuta. Jitu la miraba minne lilikuwa limesimama nyuma yangu na ndama mmoja amemkumbatia, naye analia.

Kisha Bibi akapaza sauti, "Sasa!" akagonga ukuta kwa nguvu.

"Inua!"

"Hee!"

"Inua!"

"Hee!"

"Inua!"

Hakuna aliyeitikia.

Niliita tena. Kimya. Sauti za wanawake zimekatika zote kwa mpigo. Kilichonijia ni Kondoa. Kule nako kulikuwa kimya namna hii, kisha mama mkwe akatoka bila kuniangalia.

Miguu ilitaka kukimbia. Lakini mwimbishaji akinyamaza chuma kikiwa juu, kinaangukia watu. Hiyo ndiyo kazi yangu na naijua. Nikaendelea. Naita mwenyewe, naitikia mwenyewe. Chuma hicho, kina nini, kizito, kama sisi. Naimbia ukuta.

Mtoto akalia.

Alilia kwa hasira, mara moja, kisha akaendelea bila kupumzika. Wanawake wakapiga vigelegele. Na juu ya vigelegele vyote nikasikia sauti ya Zaituni, imechoka lakini ipo, inauliza, "Ni nini?"

"Msichana," Bibi akasema. "Na mdomo kama wa baba yake."

Niliteleza na ukuta mpaka chini, nikakaa.

Baadaye Bibi alitoka na mtoto amemfunga kwenye kanga. Alijua desturi yetu Waislamu, kwamba baba amsomee mtoto adhana kwenye sikio la kulia. Akanipa. "Haya, sema maneno yenu."

Nikafungua mdomo. Sauti hakuna.

Nikajikohoza. Hakuna. Nilikuwa nimeiimba yote kwenye ule ukuta. Mimi, ambaye nikikohoa Kizota Makole wanaamka, nilikuwa nimebaki na pumzi tu.

Nikamwangalia Bibi kwa hofu. Akasema, "Sikio lake dogo. Unataka kumpigia kelele za nini?"

Nikaweka mdomo kwenye sikio lile, dogo kuliko kidole changu cha mwisho, nikaisoma adhana kwa pumzi. Hakuna aliyeisikia isipokuwa yeye na Mola wake. Alinyamaza kulia akasikiliza mpaka mwisho.

Nilipoingia kumwona Zaituni, aliniangalia akatabasamu. Akasema, "Leo umeimba vizuri. Kwenye reli huwa unaharakisha." Akafumba macho akalala papo hapo, kama mtoto.

Kesho yake nilikwenda kazini. Msimamizi alikuwa ananisubiri. Nilijua kinachofuata na nilikuwa tayari, wala sikujutia. Lakini siku nzima ya jana alikuwa amesikiliza sauti ya Masanja na kuona chuma kimoja kinaangushwa kwenye mataruma, na watu wanaruka kunusuru miguu. Akanitazama, akasema neno moja tu: "Imba."

Nikafungua mdomo, ikatoka pumzi.

Masanja akamwambia, "Bwana, huyu mkewe kazaa mtoto, yeye kazaa ububu." Kundi zima likacheka, na nadhani hata yule mzungu alicheka, maana aligeuka upande wa pili. Viboko sikupigwa. Siku zile mbili tatu niliimbisha kwa kupunga mikono, na vidole vyote vya watu vipo mpaka leo.

Sasa, somo nililolipata.

Kondoa hakuna aliyemtakia Zaituni mabaya. Wote waliosema sukuma walisema kwa mapenzi. Tatizo ni kwamba walikuwa wengi wa kumwambia inua na hakuna hata mmoja wa kumwambia tua. Mwanamke kwenye kazi ile anahitaji mtu anayemwamini amwambie sasa pumzika, naye apumzike kweli. Mtu huyo anaweza kuwa mama yake, anaweza kuwa mkunga. Anaweza pia kuwa wewe, kama ulikwenda kujifunza mapema badala ya kuja siku yenyewe na kanga mpya.

Sisemi kila mwanamume akaimbe ukutani. Wengine sauti zenu tunazijua. Nasema nendeni darasani. Ulizeni wakunga wa huko mliko, na wakiwakataa, kaeni mlangoni mpaka wawazoee. Aibu inaisha Jumapili ya pili, naapa.

Wanaoona nimevunja mwiko wa watu waandike, nitawasoma kwa heshima. Bibi Chidawali mwenyewe hajanilaumu, ila anasema nisije nikaufanya mtindo. Na wale mliowahi kupita njia kama yangu, Tanga, Tabora, popote, tupeni habari zenu hapa. Nataka kujua kwenu mama anatulizwa na nini.

Kwa upande wetu, binti anatembea, anaongea, na anapigana na kuku. Zaituni ana mimba nyingine na Jumapili tunarudi kwa Bibi, maana Bibi hataki kusikia habari ya kwamba nilishasoma.

Juzi nilirudi kutoka kazini mchana nikakuta nyumba kimya. Nikaingia kwa wasiwasi. Mchi ulikuwa umeegemezwa ukutani, unga umebaki nusu kinuni, na mke wangu amelala kwenye mkeka, mkono mmoja juu ya tumbo. Nikavua viatu mlangoni nikamalizia kutwanga mwenyewe, polepole asiamke.